Eddie Carbone alivunja sheria ipi? Jibu kwa mwongozaji wa A View from the Bridge

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Naongoza kikundi cha maigizo hapa Mombasa na tunaandaa A View from the Bridge ya Arthur Miller kwa Kiswahili. Juzi tulialika watu wachache waangalie mazoezi. Karibu wote walitoka wakisema Eddie, yule kuli wa bandari, hana kosa: ndugu wawili wa mkewe wameingia Marekani bila vibali, yeye kapiga simu Uhamiaji, basi. Marco, mmoja wa ndugu hao, ndiye aliyeonekana mhalifu. Nikamwambia mwigizaji wa Eddie azidishe ukali ili achukiwe, mambo yakaharibika zaidi. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, Eddie alikuwa upande gani? Na nikaze wapi ili haki ya mtaa nayo iwe na uzito? Halafu kile kisu cha mwisho kinatutia wasiwasi.

JIBU: Ndugu mwongozaji, anza kwa kumpunguzia Eddie ukali. Akiwa mbaya tangu mwanzo, ile simu inakuwa ubaya wa mtu mmoja tu, na mtazamaji hana sababu ya kujiuliza mtaa unamhukumu kwa kanuni gani. Wageni wako hawakukosea sana. Waliona ulichowaonyesha: mtu mkali mwenye sheria upande wake. Kasoro ni kwamba sheria haikuwa upande wake kiasi hicho, na kanuni ya mtaa haikusikika vizuri kabla ya kuvunjwa.

Tuanze na sheria. Kisa kinatokea Red Hook, Brooklyn, miaka ya 1950, miongoni mwa makuli wa bandari wenye asili ya Sicily. Tangu 1924 Marekani ilikuwa ikigawa nafasi za wahamiaji kwa kila nchi, na mgao wa Italia haukufika watu 6,000 kwa mwaka. Utaratibu huo ulidumu mpaka ulipofutwa kwa sheria ya 1965. Marco ana mke na watoto watatu, mkubwa anaumwa kifua, na kwao hakuna kazi. Akisema asubiri zamu yake kihalali, watoto watakuwa wameshakufa njaa. Ndiyo maana anazamia.

Sasa fungua Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952, kifungu cha 274. Wakati ule, aliyemficha kwa makusudi mtu aliyeingia nchini bila ruhusa alitenda kosa la jinai: faini isiyozidi dola 2,000, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili, na adhabu ilihesabiwa kwa kila mtu aliyefichwa. Eddie amewapa malazi watu wawili. Kwa mujibu wa kitabu, uhalifu wake ni ule ukarimu wa sehemu ya kwanza. Kupiga simu si kosa, lakini pia hapakuwa na sheria iliyomlazimu raia kupiga. Tena kifungu hichohicho kilisema kwamba kumwajiri mtu wa aina hiyo hakuhesabiwi kuwa ni kumficha. Yaani tajiri anayemfaidi Marco gatini yuko salama, na Beatrice, mke wa Eddie, aliyemtandikia kitanda ndiye anayeweza kufungwa!

Mtaa unahukumu kinyume kabisa. Kumpokea ndugu ni wajibu, na kumchongea ndio uhalifu wenyewe. Tamthilia haikitaji kifungu hicho, kwa hiyo usithubutu kuongeza mstari kwenye maandishi. Weka sentensi mbili tatu kwenye kijitabu cha onyesho, uwaeleze waigizaji siku ya kusoma mezani. Mwigizaji wa Eddie akijua kwamba kuwapokea wageni ni hatari aliyoibeba mwenyewe, ile fahari ya kuwa mwenyeji itaonekana bila yeye kuilazimisha.

Kanuni ya mtaa inatamkwa mara moja tu, kwenye mlo wa kwanza, kabla wageni hawajafika. Ni kisa cha Vinny Bolzano, kijana wa miaka 14 aliyemchongea kwa Uhamiaji mjomba aliyefichwa nyumbani kwao. Beatrice anasimulia: alikuwa na ndugu watano na baba mzee, walimkamatia jikoni wakamburuta ngazi za ghorofa tatu, kichwa kikidunda kama nazi, wakamtemea mate barabarani, baba yake na ndugu zake, mtaa mzima ukilia. Ndipo Eddie anaongeza kwamba huyo hataonekana tena, ataonyeshaje uso wake? Na kwamba dola milioni zilizoibwa ni rahisi kuzirudisha kuliko neno lililokutoka.

Nakushauri usikate hata neno hapo. Kosa la kawaida ni waigizaji kula na kuharakisha, wakidhani ni maelezo ya kupitisha muda. Catherine, mpwa wa Beatrice waliyemlea nyumbani, aache kijiko, kwa sababu kati ya watatu hao ni yeye asiyejua kilichompata Vinny, na mtazamaji anasikia kupitia kwake. Kwa watu wa pwani ile nazi italeta kicheko. Kiache kitoke, mate ya baba mzazi yatakikata. Eddie aseme sehemu yake kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei inayojulikana. Anajisomea hukumu yake mwenyewe, na akiisoma kwa ghadhabu, watazamaji watakumbuka ghadhabu na kusahau hukumu.

Sasa wakili Alfieri. Hapa ndipo maonyesho mengi yanapopwaya. Alfieri huchezwa kama sauti ya sheria inayopambana na sauti ya mtaa, na hapo tamthilia inageuka mdahalo wa shule. Mtazame anachofanya hasa. Eddie anamwendea akitaka sheria imzuie Rodolpho, ndugu yake Marco, asimwoe Catherine. Alfieri anamjibu kwamba msichana kumpenda mhamiaji si kosa. Kitu pekee ambacho sheria ingekigusa ni jinsi hao ndugu walivyoingia nchini, na haamini kwamba Eddie anataka kufanya lolote kuhusu hilo. Eddie anashtuka, anakataa katakata. Umeona? Wakili mwenye nia njema ndiye anayeutaja mlango huo kwanza, akidhani anaufunga. Weka kituo cha pumzi mbili baada ya Alfieri kulitaja jambo hilo, na kukataa kwa Eddie kuwe kwa kweli kabisa. Kama kwenye uso wake kunaonekana mtu anayepanga, umeshampoteza. Wazo limepandwa, naye hajui.

Mara ya pili ni tarehe 27 Desemba, siku nne baada ya kumkuta Catherine na Rodolpho wakitoka chumbani na kumbusu kila mmoja wao kwa nguvu. Safari hii Alfieri anabadilisha hoja: sheria ni maumbile, ni jina tu la kile chenye haki ya kutokea, na akishindana nayo mto utamzamisha. Kisha anamwonya kwamba hatabakiwa na rafiki hata mmoja duniani, kwamba hata wanaohisi kama yeye watamdharau. Miller ameelekeza kwamba hapo kibanda cha simu kianze kuwaka upande wa pili wa jukwaa, kwa mwanga hafifu wa samawati. Kibanda chenyewe kiwepo tangu mwanzo. Mwandishi anaruhusu kifunikwe au kibaki wazi, kwani hakitumiki mpaka mwishoni. Mimi ningekiacha wazi gizani. Taa yake ipande polepole wakati Alfieri anaongea, sekunde 20 hivi, na isiwashwe ghafla baada ya Eddie kuondoka. Ikiwashwa ghafla inaonekana kama wazo jipya, na sivyo.

Halafu gerezani, baada ya Uhamiaji kuwakamata, Marco naye anauliza swali lilelile. Eddie amemdhalilisha ndugu yake, amewanyang'anya watoto wake chakula: sheria ya hilo iko wapi? Alfieri anajibu kwamba haipo. Marco anasema sheria yote haimo kitabuni, na wakili yuleyule aliyemwambia Eddie kwamba sheria ni maumbile sasa anashikilia kwamba imo kitabuni, nyingine hakuna. Usiufiche mgongano huo. Panga Eddie akiwa na wakili, na Marco akiwa na wakili, kwa umbo moja: Alfieri upande uleule wa jukwaa, mteja akisimama pale pale, kiti kimoja kisichokaliwa. Mtazamaji ataona bila kuambiwa kwamba wanaume wawili wanaochukiana wameleta shauri moja, na wote wamerudi mikono mitupu. Kwangu mimi huu ndio uti wa mgongo wa tamthilia. Sheria haipambani na haki ya mtaa. Haina neno la kusema juu ya jambo linalowaumiza watu hawa, na kimya hicho kinajazwa na simu, kisha kisu.

Kuhusu dhamana: Alfieri yuko tayari kumtoa Marco mpaka shauri lake lisikilizwe, kwa sharti aahidi kutoua. Rodolpho ana tumaini, maana anamwoa raia. Marco atarudishwa kwao, na kilichobaki kwake ni wiki kadhaa za kazi. Marco akinyoosha mkono, Alfieri aukamate na kuushika, asiuachie, huku akisema kwamba Mungu peke yake ndiye mwenye kutoa haki. Mkono huo ukipeanwa haraka haraka, Marco ataonekana mwongo atakapofika nyumbani kwa Eddie. Anatakiwa aonekane mtu aliyeahidi kwa dhati kitu asichokiweza.

Kukamatwa kwenyewe kunahitaji watu wengi jukwaani kuliko unavyodhani. Maofisa wawili wanawachukua watu wanne, kwa sababu jamaa wa Lipari muuza nyama wamehamia chumba kilekile cha ghorofani walikohamia Marco na Rodolpho, na Eddie hakulijua hilo alipopiga simu. Marco anajinasua, anamtemea Eddie mate usoni, kisha anapaza sauti barabarani kwamba huyu amewaua watoto wake. Wengine huicheza kauli hiyo kama hasira iliyozidi kipimo, ilhali kwa Marco ni hesabu kamili: mshahara wake ndio chakula chao. Baada ya hapo mtaa unatoa hukumu kwa kugeuza migongo. Lipari anaondoka na mkewe, kisha Louis na Mike, makuli wenzake Eddie. Wageuke kwa zamu, Eddie akimwita mmoja mmoja. Wakigeuka pamoja inakuwa gwaride. Ukiweza, yale mate yarudie pembe uliyoipanga kwenye kisa cha Vinny.

Ila usiutakase mtaa. Walewale waliowavusha Marco na Rodolpho wanawahakikishia kazi mpaka deni la safari liishe, baada ya hapo kila mtu na lake. Ule ukimya unaowalinda ndugu unawalinda na wanyonyaji wa gatini. Mistari hiyo iko sehemu ya kwanza, na mara nyingi hukatwa kuokoa muda. Mkiikata, mtabaki na kijiji cha watu wema dhidi ya serikali mbaya, na hilo silo alilolipata Miller kutoka kwa Vincent Longhi, wakili aliyefanya kazi na makuli wa Brooklyn na ndiye aliyemsimulia kisa chenyewe. Wapo pia watakaokuambia umcheze Eddie kama mmoja wa waliowataja wenzao mbele ya kamati za Bunge la Marekani enzi hizo. Muktadha huo ni wa kweli. Miller mwenyewe aliitwa mwaka 1956 akakataa kutaja majina. Uandike kijitabuni, usimpe mwigizaji aucheze.

Kisu sasa. Eddie ndiye anayekitoa, Marco anaukamata mkono na kuugeuza mpaka makali yanamrudia mwenyewe. Msitumie kisu cha makali yanayorudi ndani. Springi hukwama, na ikikwama mnachoma mtu kweli. Chukueni kisu cha mpira mgumu au aluminiamu kilichofutwa makali na ncha, kikaguliwe kabla ya kila onyesho na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo. Anayeongoza mwendo ni Eddie, yule anayechomwa: yeye ndiye anayeuvuta mkono kuelekea kwake, Marco anaonekana kusukuma ilhali anazuia. Mgongo wa Marco uwafunike watazamaji kwenye sekunde ya mwisho, na ncha ipite pembeni ya ubavu, kati ya mkono na kiwiliwili, isielekezwe tumboni wala usoni. Fanyeni kwa kasi ya nusu kwa wiki nzima kabla ya kuongeza, na mpitie tena kila siku ya onyesho kabla milango haijafunguliwa. Toleo la sehemu mbili, lililofunguliwa London mwaka 1956, linamwacha Eddie afie mikononi mwa Beatrice, kwa hiyo mpangeni Beatrice awe hatua mbili tu kutoka hapo. Akilazimika kukimbia kutoka mlangoni, kifo kitamsubiri, na watu watacheka.