Jibu kwa mdogo wangu wa Katindo: maneno marefu unayo tayari

Mdogo wangu, umeandika kwamba umekariri maneno 600 ya Kiingereza kutoka kwenye orodha ya "maneno ya juu", na bado wageni wakianza kuongea ofisini unabaki kutikisa kichwa tu. Mimi nimefanya kazi na mashirika hapa Goma miaka tisa, nilianzia ghalani. Hayo yote yamenipata.

Hiyo orodha iweke pembeni. Maneno mengi yaliyomo unayajua tangu sekondari, kwa sura ya Kifaransa tunachosomea hapa Kongo. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao, aina ya Kifaransa, ikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu. Mchungaji akaendelea kumwita ng'ombe wake "cow", lakini nyama ya meza ya bwana ikawa "beef", ndugu wa "bœuf" yetu. Kwa hiyo "commence", "descend" na "aid" hatuzitokei jasho. Ila ukizimwaga kila mahali unasikika kama unasoma tangazo la gavana. Wenyewe wanasema "start", "go down", "help".

Halafu kuna mitego. Mwaka wangu wa kwanza niliandika barua ya likizo: "I demand three days." Kichwani nilikuwa na "je demande", naomba kwa adabu zote. Kumbe "demand" ni kudai, ngumi juu ya meza. Shefu aliniita akaniuliza kama wafanyakazi wa ghala tunapanga mgomo! Angalia pia "eventually". Sisi tunaandika "I will eventually come" tukimaanisha huenda nitakuja. Anayesoma anaelewa kwamba utakuja, hata kama ni kwa kuchelewa, na anakungoja.

Lakini kilichonitesa kweli ni vineno vidogo. Siku moja jenereta inanguruma, bosi wetu Mkenya anaongea kwenye simu kuhusu ugawaji wa msaada katika mji wa Sake, akanigeukia: "We have to put it off." Nikatoka mbio nikazima jenereta. Ofisi nzima giza, simu ikakatika. Alikuwa anasema tuahirishe ugawaji.

Jioni ile nikachukua kaye, yaani daftari, nikaandika PUT juu ya ukurasa. "Put off", kuahirisha. "Put out", kuzima moto. "Put up with", kuvumilia. Chini ya kila moja sentensi ya maisha yangu, si ya kitabu: "I put up with the dust in Birere." Sentensi yenye vumbi la kwenu haisahauliki upesi. Kesho yake nafunika Kiingereza kwa mkono, najiuliza. Narudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Maneno matano kwa siku yanatosha, ishirini ni kujidanganya.

Andika pia neno pamoja na jirani yake. Chai kali ni "strong", lakini mvua kubwa ni "heavy". Ukisema "strong rain" wataelewa, ila watajua umetoka wapi.

Wa kuongea nao hawako mbali. Rwanda iliamua mwaka 2008 shule zake zifundishe kwa Kiingereza, na Gisenyi, mji wake wa mpakani, ni mwendo wa miguu. Mimi nilikuwa na rafiki muuza simu huko; tulikubaliana Kiswahili ni marufuku mpaka bei ifikiwe.

Anza na "get". Kwangu ilikula kurasa nne.