Nipige picha gani na nyumbani hamna kitu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina simu tu, nakaa Ngamiani, Tanga. Wenzangu wanapiga picha Serengeti, mimi huku sioni cha kupiga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Serengeti waachie wenye nauli. Wewe una jiko. Asubuhi chai ikichemka, zima taa, fungua dirisha moja, mwanga uingie ubavuni mwa sufuria. Nyuma yake pawe na giza, hata mlango wa stoo ulio wazi unatosha. Mvuke mbele ya ukuta mweupe hupotea. Mbele ya giza unang'aa. Gusa skrini penye mvuke, punguza mwangaza wa picha kidogo, ndipo upige. Flashi usiiwashe kabisa. Na futa kioo cha kamera! Nusu ya picha ninazoletewa zina ukungu wa mafuta ya chapati.

Mbuzi ya nazi isogelee mpaka meno yake na nazi iliyokunwa vijaze picha. Ukitaka na mkono wa anayekuna, mwombe ruhusa kwanza, hata kama ni dada yako.

Saa kumi na moja jioni toka nje, kaa barazani. Baiskeli zenu hizo hulaza vivuli virefu. Piga kivuli, baiskeli yenyewe iache nje ya picha. Ukipata nzuri nitumie, ila bila filta.