Kiatu cha sukari kimelegea na kisigino kimechomoka: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Huwa naoka keki nyumbani, na siku hizi nimeanza kupamba kwa fondanti, lile donge laini la sukari la kufunikia keki. Juzi niliombwa keki yenye kiatu cha mchuchumio juu yake. Nilisukuma fondanti, nikakata soli nikailaza juu ya kopo ijipinde, kisha nikafinyanga kisigino na kukichomeka kwa kijiti cha meno. Usiku nikakiweka kwenye friji kikauke. Asubuhi kilikuwa kimelowa, soli ikalegea katikati na kisigino kikachomoka. Mara ya pili niliongeza unga wa CMC ili donge likaze, lakini kingo zote zikapasuka. Nimekosea wapi? Na kijiti cha meno kinafaa?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Umeeleza hatua kwa hatua, na hilo limenirahisishia kazi. Wewe unakishuku kisigino, lakini mimi nayashuku maji. Karibu kila ulichofanya kilizuia maji yasitoke kwenye sukari, au kiliyarudisha yalipokwisha kutoka.

Tuanze na fondanti yenyewe. Imetengenezwa ibaki laini. Ndani yake mna sharubati ya glukosi, na mara nyingi gliserini, ambazo hushika unyevu ili keki iliyofunikwa ikatike vizuri kwa kisu. Ulaini huo unaopendeza kwenye keki ndio unaokiangusha kiatu. Fondanti tupu ukiiacha hata wiki nzima hushika ngozi juu huku ndani ikibaki ya kutafunika, na ikibebeshwa uzito hujikunja polepole. Sehemu zinazobeba uzito, yaani soli na kisigino, zitengeneze kwa gamupesti: donge la aisingi shuga (sukari iliyosagwa laini kama unga) lililokandwa kwa ute wa yai au jelatini pamoja na gundi ya chakula. Hilo hukauka likawa gumu kabisa. Kuna pia pastilaji, donge la sukari na jelatini linalokauka haraka zaidi na kuwa gumu zaidi, ila halikupi muda wa kulichezea. Kazi ya aina hii si ngeni: mpishi Mfaransa Marie-Antoine Carême, aliyefariki mwaka 1833, alipata sifa kwa kusimamisha mapambo ya sukari yenye umbo la majengo kwenye meza za karamu.

Friji ndiyo iliyokumaliza. Chupa ya maji ikitoka kwenye friji hutoka jasho kwa sababu mvuke ulio hewani hugeuka maji ukigusa kitu cha baridi. Sukari nayo hupatwa na hayohayo, tofauti ni kwamba yenyewe huyeyuka. Kaushia mezani, mbali na jiko na sinki, na feni ikipuliza kwa upole. Geuza vipande ili na upande wa chini upate hewa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chumba chenye kiyoyozi husaidia sana. Vikishakauka vihifadhi kwenye boksi la karatasi, si kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, maana humo unyevu uliobaki hukosa pa kutokea.

Sasa CMC. Unga huu ni gundi inayotokana na selulosi ya mimea, na wengine huuita tailosi. Hunywa maji yaliyomo kwenye donge na kulikaza. Kwa gramu 250 za fondanti, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinatosha. Nahisi mara ya pili ulizidisha, au ulisukuma palepale baada ya kuuchanganya. Kanda vizuri, paka mafuta mgando ya mboga kidogo sana, funga donge kwenye plastiki na ulipumzishe saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Punguza pia wanga wa mahindi unaonyunyizia kibao, kwani unakausha uso wa donge kabla hujalikunja, na uso mkavu ukikunjwa lazima upasuke.

Kwenye ujenzi usiwe na haraka hata kidogo. Anza siku tano hadi saba kabla ya keki kuhitajika. Chora soli kwenye karatasi. Kwa kiatu cha mapambo, urefu wa sentimita 12 unatosha. Sukuma gamupesti iwe na unene wa milimita 3 hivi, kata, kisha ilaze kwenye mteremko. Kopo halifai kwa sababu mpindo wake ni duara, na wayo wa mchuchumio si duara: vidole hulala bapa, katikati hupanda, na sehemu ya kisigino hukaribia kulala tena. Kunja kadibodi ngumu upate umbo hilo na uifunge kwa gundi ya karatasi isicheze, halafu itandaze karatasi ya kuokea juu yake. Iache soli hapo saa 24 hadi 48.

Kisigino kifinyange siku hiyohiyo, kirefu kidogo kuliko unavyohitaji. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanakikata kwa kipimo kamili kikiwa kibichi, kinasinyaa kidogo kikikauka, kisha kiatu kinayumba. Kiache kikauke kwanza, siku mbili au tatu, ndipo ukipunguze kwa tupa mpya ya kucha ambayo haijawahi kutumika kwingine. Sehemu ya juu isugue kwa mshazari ili ilingane na mteremko wa soli. Jaribu kusimamisha bila gundi, tena na tena. Kisigino kikae wima chini ya soli. Kikiinama nyuma, uzito wote unahamia kwenye kiungo.

Kijiti cha meno nakukataza. Kiatu hiki kitaliwa, na mara nyingi atakayekiomba ni mtoto. Tumia tambi nene mbichi, zile ngumu zilizonyooka. Ichomeke kwenye kisigino kikiwa bado laini, uache ncha fupi nje, na utoboe tundu linalolingana kwenye soli kabla haijakauka.

Gundi nayo ina ubaguzi wake. Ile ya CMC iliyolainishwa kwa maji ni nzuri kwa kuunganisha laini na laini. Kwa kavu na kavu, kama soli na kisigino, tumia aisingi nzito ya ute wa yai, iliyopigwa hadi isimame. Mimi napendelea unga wa ute wa yai uliopasteurishwa (uliopashwa moto kuua vijidudu) kuliko yai bichi, kwa usalama wa walaji. Ukishaunganisha, weka kipande cha sponji chini ya mpindo na usikiguse kiatu mpaka kesho yake.

Uso wa kiatu ndio unaofuata, na hapa fondanti inarudi kazini. Changanya nusu fondanti na nusu gamupesti upate donge linalokunjika bila kupasuka, lisukume kwa unene wa milimita 2, likate na ulibandike kwenye kingo za soli. Ndani jaza karatasi laini ya jikoni iliyofinywa ishike umbo, uitoe donge likikauka. Alama za uzi wa mshonaji zipige kabla ya kubandika. Viatu vya mtoto mchanga ni rahisi zaidi kwa sababu havina kisigino: soli, uso, kipande cha nyuma, kamba, basi. Ningekushauri uanze na hivyo.

Rangi iwe ya jeli, kwani ya maji hulegeza donge. Nyekundu nzito na nyeusi huhitaji rangi nyingi, kwa hiyo zikoleze kidogo tu na uache donge lilale. Rangi huzidi kuiva. Unga wa kung'arisha uchanganye na vodka, inayokauka upesi bila kuyeyusha sukari. Soma lebo kwa makini: kilichoandikwa kuwa hakina sumu si lazima kiwe kinaliwa. Kama lebo haisemi waziwazi kwamba ni chakula, usikipake.

Mwisho, usikiweke kiatu moja kwa moja juu ya batakrimu, ile krimu ya siagi na sukari inayopakwa keki. Unyevu wake utapanda kwenye soli na kisigino ndani ya saa chache. Tengeneza kibao chembamba cha gamupesti kilichokauka, kilaze juu ya keki, kiatu kisimame juu yake. Kisafirishe peke yake kwenye boksi lenye sponji, ukiweke baada ya keki kufika mezani. Tengeneza pia kisigino cha akiba, na ukikaushe pamoja na kile cha kwanza.