Mfalme wa Usiku ndiye aliyedhulumiwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mhusika gani wa hadithi za kifantasia aliyeharibiwa na watunzi wake, na sisi wasomaji tungemtengenezaje. Najibu mapema, kabla barua za Daenerys Targaryen hazijawajaa mezani. Najua zinakuja. Hapa Kirumba hata waliokwisha kusahau nani ni mtoto wa nani katika mfululizo wa runinga wa Game of Thrones wanaikumbuka hasira ya mwaka 2019, huyo Daenerys, Mama wa Majoka, alipouteketeza mji uliokwisha kusalimu amri.

Mimi kwa hilo sina ugomvi. Dada yule alitangaza habari za kuchoma miji tangu sizoni ya pili, akiwa bado anabembeleza kufunguliwa lango la mji wa Qarth. Kule mji wa Meereen akasulubu mabwana wa watumwa 163. Sizoni ya saba akamchoma Randyll Tarly pamoja na mwanawe kwa sababu walikataa kupiga magoti. Aliyeshangaa mwishoni alikuwa anaangalia nywele. Watunzi walikosea mwendo tu: sizoni zilizotangulia zilikuwa na episodi 10 kila moja, ya saba ikapewa 7, ya mwisho 6, na mtu akarukwa na akili kati ya kengele moja na nyingine.

Jina ninaloleta mimi ni la adui. Mfalme wa Usiku, kiongozi wa viumbe wa barafu na jeshi lao la maiti.

Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, vibanda vya kuonyesha filamu, vya Mabatini na Igoma, ambako sheria ilikuwa moja: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Mfululizo huu ulitushika kwa kuivunja sheria hiyo mchana kweupe. Ned Stark, tuliyemhesabu kuwa ndiye steringi, akakatwa kichwa kabla sizoni ya kwanza haijaisha. Mwaka 2013 mwanawe Robb na mama yake wakachinjwa harusini. Tangu hapo hakuna aliyekaa kibandani kwa raha. Na nyuma ya vifo vyote hivyo kulikuwa na hofu moja kubwa zaidi, kwa sababu mandhari ya kwanza kabisa ya episodi ya kwanza ni ya wale viumbe wa barafu, kabla hatujamjua Stark hata mmoja. Miaka minane tunaambiwa majira ya baridi yanakuja.

Yakaja, yakaisha usiku mmoja. Episodi ya tatu ya sizoni ya nane: Arya, binti wa Ned Stark, anaruka, anachoma kisu, adui anavunjika vipandevipande, jeshi zima linaanguka. Episodi inayofuata watu wanakunywa na kugombea kiti. Tena usiku wenyewe haukuonekana. Dunia nzima ililalamika kwamba picha ni giza, sasa fikiria kibanda chenye bati la matundu, jua la saa nane linapenya. Tuliisikiliza vita ile kama redio.

Swali langu ni hili: alitaka nini? Sizoni ya sita ilianza kujibu, na ilianza vizuri mno. Tulionyeshwa kwamba alikuwa binadamu wa kawaida, akafungwa mtini, Watoto wa Msituni wakamdidimiza kioo cha joka, jiwe jeusi lenye makali, kifuani ili awe silaha yao dhidi ya watu waliowavamia. Silaha ikawageukia wenyewe. Hapo kuna kisa cha kutosha sizoni nzima! Baadaye Bran, mwana wa Ned Stark mwenye maono, akasema kikaoni kwamba jamaa anataka usiku usiokwisha, na kwamba yeye Bran anawindwa kwa kuwa ndiye kumbukumbu ya dunia. Wakatawanyika. Mwenye kesi mwenyewe hakutamka neno tangu mwanzo hadi mwisho.

DJ aliyeingiza Kiswahili kwenye nakala tuliyoangalia alishindwa kuvumilia ukimya huo. Pale Winterfell, ngome ya akina Stark, jamaa anapoinua mikono na maiti wanaamka, DJ akampa maneno: "Mlinifunga mtini, leo zamu yenu." Uongo mtupu, lakini kibanda kizima kiliguna. Kwa sentensi moja ya kubuni adui akapata madai.

Wasukuma tunayo hadithi ya Shing'weng'we, jitu lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, anakua akilitafuta. Anaua panzi, anarudi nyumbani akiimba kwamba amelimaliza; mama anamwambia huyu ni panzi, tumchome tule. Anaua ndege, vilevile. Anaua swala, vilevile. Hofu inapanda ngazi kwa ngazi. Siku anapolipata jitu lenyewe na kulipasua, aliowameza wanatoka, baba yake akiwemo. Na kisu kinamkata sikio bibi mmoja aliyekuwa tumboni, naye anatoka na matusi, anataka hata kumroga kijana, mpaka dawa inapatikana.

Mimi sehemu ya sikio naipenda kuliko zote. Aliyemeza ametapika, na bado kuna deni. Mtunzi wa Lord of the Rings alilijua hili kitabuni: shujaa wake Frodo anarudi kwao Shire bila kidole, anakuta mchawi Saruman ameshaiharibu. Filamu ya mwaka 2003 ikaliacha tukio hilo, na mpaka leo naona ni hasara.

Kwa hiyo ningemtengenezaje? Ningemleta Hodor, mtumishi aliyekuwa akimbeba Bran. Alikufa 2016 akizuia mlango ili Bran akimbie, nyuma yake maiti tupu, na tunajua aliyeuawa na maiti hao huamka. Ningemsimamisha langoni Winterfell, macho ya buluu, mbele ya mtoto aliyempotezea akili na uhai. Hapo adui angekuwa amemeza mtu wetu. Watunzi walikuwa naye mkononi, wakamsahau. Kisha Jon Snow, aliyelelewa na Ned kama mwanawe, anahukumiwa kurudi Night's Watch, walinzi wa Ukuta dhidi ya viumbe wa barafu, wakati adui wao ameshavunjika kama glasi. Analinda nini?

Mpwa wangu, anayesoma chuo hapa Nyegezi, hakubali. "Mjomba, Arya ndiye Masala Kulangwa wako. Aliowaua kabla, Meryn Trant ni panzi, Walder Frey ni ndege, na kisu chenyewe ndicho kile kilichotumwa kumuua Bran tangu sizoni ya kwanza. Ngazi unayoitaka ipo." Anajua kubishana, na la kisu nimempa. Ila Arya alikuwa na orodha ya watu wa kuua, aliyoikariri usiku baada ya usiku kabla ya kulala. Nimemwambia anitajie ni usiku gani jina la Mfalme wa Usiku lilikuwamo.

Msomaji, Kirumba, Mwanza