Kali, mkali, wakali: maswali yenu kuhusu kivumishi kimoja

Maswali mengi niliyoletewa karibuni yanazunguka kivumishi kimoja, -kali. Nimeyaweka pamoja.

Nyumba nyingi huku Nyali zina kibao langoni: "Mbwa Kali". Mwanangu ameambiwa shuleni kuwa ni kosa. Kosa liko wapi?

Mwalimu wa mwanao yuko sawa. Neno mbwa lina umbo lisilobadilika katika umoja na wingi, kama dawa au nyumba, na ndiyo sababu watu huteleza wakaandika "kali" kama wanavyosema dawa kali. Lakini mbwa ana uhai, na Kiswahili sanifu humpatanisha kila mwenye uhai kwa A-WA, awe ng'ombe, kuku au papa. Mbwa mkali amelala. Mbwa wakali wamelala.

Wala jambo hili si la mtihani tu. Kwa kuwa mbwa halibadiliki, pale kibaoni ni kivumishi peke yake kinachoweza kumjulisha mgeni idadi. Mbwa mkali ni mmoja. Mbwa wakali ni wawili au zaidi, na kijana anayeleta maji kwa mkokoteni anastahili kujua hilo kabla hajasukuma lango. "Mbwa kali" inamnyima habari hiyo. Natamani vibao hivyo virekebishwe. Zinahitajika herufi moja au mbili tu.

Twasema nyumba nzuri, nyumba ndogo, nyumba mbaya. Mbona dawa kali haina n wala m mbele?

Kwa sababu ya sauti k. Kiambishi cha ngeli hii ni n, ambayo huwa m mbele ya b. Ikikutana na k, f, p au t, hudondoka. Ndiyo maana pia twasema nyumba kubwa, nguo fupi, njia pana, kamba kavu.

Mume wangu husema ndimu ni chungu. Mimi nasema ndimu ni kali. Nani kati yetu asahihishwe?

Bwana, kwa upole. Ndimu, ukwaju, siki na embe bichi ni vitu vikali. Uchungu ni wa mwarobaini, wa shubiri, na wa kahawa isiyotiwa sukari, ile inayomiminwa kutoka kwenye dele pale Mji wa Kale. Wenyewe huiita kahawa tungu, kwani Kimvita, lahaja ya Mombasa, huweka t katika maneno mengi ambayo Kiswahili sanifu kina ch, kama matozi kwa machozi. Maziwa yaliyokaa hadi yakaharibika hayaitwi makali wala machungu, hayo yamechacha.

Pilipili nayo ni kali, lakini si kwa namna ya ndimu, na hapa kitenzi ndicho kinachotenganisha: pilipili huwasha, ndimu hutia meno ganzi. Muhogo wa kuchoma unaouzwa Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, ukishapakwa vyote viwili, una ukali wa aina mbili kwa mkupuo mmoja. Chai kali ni jambo jingine tena. Hiyo imezidishwa majani.

Nilimwandikia ustadhi wa madrasa ujumbe wa shukrani, nikasema yeye ni mkali. Dada yangu asema nimemvunjia heshima. Kweli?

Sidhani, ila ungeongeza neno moja. Tazama kinachofuata. "Mkali kwa watoto" hutaja namna anavyowatendea, na msikilizaji anaweza kuingiwa na wasiwasi. "Mkali wa tajwidi", yaani wa kanuni za kusoma Kurani, ni sifa tupu: ni bingwa, amebobea. Vijana wanaosema fulani ni mkali wa mpira hawajaharibu lugha, maana wamekifuata kisu kikali, kinachopita pale vingine vinapokwama. Ukiacha "mkali" peke yake, wengi wataelewa kuwa hapendi mchezo darasani. Hata hivyo mkali si katili. Katili hana huruma. Mkali huenda akawa na huruma nyingi, ila hataki uzembe. Wahenga walisema ukali wa jicho washinda wembe, na mwalimu anayemtuliza mtoto kwa kumtazama tu, bila kiboko, anastahili kusifiwa kwa neno hilo.

"Makali" ni kivumishi au nomino?

Yote mawili. Katika "meno makali" ni kivumishi. Katika "makali ya kisu" au "makali ya njaa" ni nomino, na haina umoja. Kisu kilichopoteza makali ni butu.

Kwa nini mafundi huitwa wa jua kali hata wakifanyia kazi ndani?

Jina lilianza kwa waliofanya kazi nje bila paa, kisha likawa la sekta nzima. Hata waraka wa sera wa serikali ya Kenya wa mwaka 1992 ulilibeba. Maneno hayo mawili sasa yameshikana. Wakati wa kaskazi unaweza kusema "jua la leo ni kali", ukaingiza maneno katikati. Kwa mafundi huwezi kufanya hivyo: ni jua kali tu, liwake lisiwake.