Kuacha miraa bila kujidanganya

Ndugu yangu wa Langoni, hapa Lamu, nimekuelewa: umeapa mara kadhaa kuacha miraa, na kila ukishindwa unajiona huna azma. Mimi naona kasoro iko kwenye mpango, kwa kuwa umeazimia kuacha jani huku jioni ukiendelea kukaa palepale barazani, uwanja wa Mkunguni, na wenzako walewale, baada ya laasiri, saa ambayo mkono umeshazoea kulichambua. Tazama kwanza, bila kujilaumu, ni siku zipi unatafuna na pesa zinatoka wapi. Kisha zipunguze siku hizo, na saa ile utembee ufukweni hadi Shela, wala usijifungie chumbani na simu, maana upweke humrudisha mtu barazani upesi. Siku za mwanzo tarajia uchovu, usingizi mzito na hasira za karibu. Ukiteleza, tafuta kilichokuponza, kisha uendelee ulipofikia.

Huzuni ikikukalia wiki mbili, muone daktari. Ukisikia sauti wasizozisikia wengine, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali ya King Fahd siku hiyohiyo, ukaeleze kila unachotumia, vidonge vya usingizi vikiwemo.