Ukiwa Hanoi mwezi ukitimia

Mara ya kwanza nilipokuwa Hanoi wakati wa Tết Trung Thu, sikukuu ya Wavietnam ya mwezi mpevu, nilingoja usiku wenyewe wa sikukuu ndipo nikaenda mtaa wa Hàng Mã, wauzapo kandili, kwa sababu kila mtu alinitajia huo. Nikaona migongo ya watu. Nilisukumwa toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, kandili zimetundikwa juu yangu, na sikupata pa kusimama nikaitazama hata moja. Mwaka uliofuata nilipanga mambo vingine.

Sikukuu huwa tarehe 15 ya mwezi wa nane kwa hesabu ya mwezi. Sisi tuliozoea kuutazamia mwezi wa Idi twaweza kudhani kwamba nayo hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Hairudi hivyo. Wavietnam huongeza miezi saba ya ziada kwenye kalenda yao katika kila miaka 19, ndiyo maana haitoki Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka 2025 ilikuwa Oktoba 6. Mwaka 2026 ni Septemba 25.

Hàng Mã nenda, ila nenda siku nne au tano kabla, tena asubuhi. Kandili nyingi siku hizi ni za plastiki, zinawaka kwa betri na kupiga muziki. Ulizia đèn ông sao, nyota ya pembe tano ya fito za mianzi na karatasi nyekundu ing'aayo. Nunua kwanza, ndipo uombe kupiga picha. Mimi nilianza na simu nikafukuzwa dukani, na muuzaji alikuwa na haki yake.

Mahali nilipopapenda kuliko kote ni Makumbusho ya Ethnolojia, mtaa wa Nguyễn Văn Huyên, wilaya ya zamani ya Cầu Giấy. Sikukuu inapokaribia, mafundi huja wakakaa uani na watoto. Hapo ndipo nilipoelewa đèn kéo quân, taa ya vivuli vinavyozunguka: joto la mshumaa hupanda, linazungusha gurudumu la karatasi lililo juu, na vivuli vya askari vinapita mmoja mmoja kwenye ukuta wa taa. Hakuna betri wala waya. Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko watoto. Angalia ratiba yao mapema, na ukumbuke kwamba Jumatatu hufungwa.

Usiku wenyewe usiende mjini. Kaa mtaani ulikofikia, au kama una mwenyeji mwombe akupeleke kwenye ua wa majengo yao. Huko ngoma hulia, vijana wanacheza ndani ya vazi la lân, mnyama ambaye wageni humwita simba, na watoto wanazunguka na kandili zao. Baadaye watu hukusanyika kwenye sinia la matunda na keki, mafurungu yakiwa yamechambuliwa na kupangwa mfano wa mbwa. Nilialikwa nikiwa nimesimama pembeni tu. Nenda na chochote mkononi, hata matunda.

Kuhusu keki hizo: kuna bánh nướng, ya kuoka, na bánh dẻo, nyeupe na laini. Kwa Mwislamu, jihadhari. Ile ya mchanganyiko, thập cẩm, kwa kawaida huwa na soseji na mafuta ya nguruwe, na hata ya choroko huweza kutiwa mafuta hayo. Tafuta iliyoandikwa chay, yaani isiyo na nyama, na uulize tena kabla ya kulipa.

Kisichonitia shaka ni cốm. Ni mpunga mchanga wa kunata, unakaangwa na kutwangwa, kisha unafungwa kwenye jani la yungiyungi. Aliyekula pepeta kwao ataujua kabla ya kuambiwa. Wanaouza ni akina mama, wengine wakipita na mzegazega begani asubuhi, na mzuri ni ule wa siku hiyohiyo. Usinunue wa kuweka.